Uzi wa Tundu la Bolti Ukiisha

Tundu la bolti lililokwisha uzi hujulikana kwanza kwa mkono. Spana inazunguka, bolti inazunguka nayo, na ule ugumu wa mwisho unaomwambia fundi kuwa imefika haupatikani. Ikichomolewa, bolti huja na utepe mwembamba wa alumini uliojisokota katikati ya meno yake, nayo yenyewe haina hata mkwaruzo. Kwenye pikipiki za kazi za Afrika Mashariki hitilafu hii ina sehemu zake maalumu: tundu la kumwagia oili chini ya injini, tundu la plagi kwenye hedi, na matundu madogo ya milimita 6 yanayoshikilia kava za pembeni.

Chanzo ni kwamba bolti na tundu lake ni metali mbili zisizolingana nguvu. Bolti ni ya chuma. Mwili wa injini, hedi na kava ni vya alumini, kwa sababu uzito wa alumini ni kama theluthi tu ya ule wa chuma na joto hupita ndani yake haraka, sifa ambazo injini inayopozwa na upepo inazihitaji sana. Lakini alumini ni laini, na bolti ya chuma ikivutwa kupita kiasi, kinachokubali kwanza ni uzi wa tundu. Tena mzigo haugawanyiki sawasawa. Mzunguko wa kwanza wa uzi, ulio karibu na mdomo wa tundu, hubeba karibu theluthi ya nguvu yote. Wa pili hubeba pungufu ya hapo, na ile ya mwisho kabisa karibu haina kazi. Wa kwanza ukikatika, mzigo wake huuangukia wa pili, kisha wa tatu, mpaka uzi wote uchunike. Ulaini huo wa alumini ndio sababu wahandisi hutaka bolti izame ndani ya alumini kwa kina cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wake, wakati kwenye chuma kina kinacholingana na unene wa bolti hutosha.

Nguvu inayotakiwa kukaza bolti hizi ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Vitabu vya matengenezo vya Honda huipa bolti ya kawaida ya milimita 6 nyutonimita 10, ya milimita 8 nyutonimita 22, na ya milimita 10 nyutonimita 34. Nyutonimita 10 ni sawa na kubonyeza mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 15 kwa uzito wa kama kilo 7, kazi ya mkono mmoja usio na haraka. Fundi akichomeka bomba kwenye mpini ili ufike nusu mita, kilo 7 zilezile zinafika zaidi ya nyutonimita 30, na uzi wa milimita 6 hauna cha kufanya mbele ya nguvu hiyo.

Tundu la kumwagia oili huumia kuliko mengine kwa sababu hufunguliwa mara nyingi kuliko mengine. Injini ya bodaboda ya sentimita za ujazo 125 au 150 hubeba oili ya kama lita moja tu, na kwa mwendo wa kutwa nzima oili hiyo huchoka upesi. Dereva makini huibadilisha kila baada ya wiki chache. Kinachozuia oili isivuje hapo ni washa ya alumini au ya shaba iliyo chini ya kichwa cha bolti. Washa hiyo hubonyea mara moja ikajaza nafasi, na mara ya pili haibonyei tena vizuri. Hapo ndipo msiba unapoanzia: washa ya zamani inarudishwa, oili inadondoka, fundi anaongeza nguvu, inadondoka tena, anaongeza nguvu zaidi. Washa mpya ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la spea, na kuinyima injini washa ni uchumi wa ajabu.

Kosa jingine ni kuingiza bolti ikiwa imekaa upande. Meno yanakatana badala ya kufuatana, na bolti inayolazimishwa kwa spana tangu mzunguko wa kwanza hujichimbia njia yake mpya. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Bolti huwekwa kwa vidole, huzungushwa kwanza kinyume taratibu mpaka isikike ikidondoka kidogo kwenye mwanzo wa uzi, kisha ndipo hugeuzwa mbele. Spana haishikwi mpaka bolti iwe imeingia mizunguko kadhaa kwa mkono mtupu. Kosa linalofanana na hilo ni kuchanganya hatua za uzi, yaani umbali kati ya jino na jino. Bolti ya milimita 10 inayouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina hatua ya milimita 1.5, ilhali bolti nyingi za unene huo kwenye pikipiki zina hatua ya 1.25. Zikitazamwa kwa jicho zinafanana. Ile ngeni itaingia mizunguko miwili au mitatu, itakuwa ngumu, na mwenye haraka atadhani ni kutu.

Na kutu yenyewe ipo. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe hujaa kwenye uzi mpaka bolti ishikane na tundu. Pikipiki za Mombasa, Tanga na Zanzibar huonyesha jambo hili mapema kuliko za Dodoma. Bolti ya namna hiyo ikifunguliwa kwa nguvu hutoka na uzi wote.

Kabla ya kuchagua dawa, ukubwa wa jeraha hupimwa. Tundu husafishwa kwa petroli na upepo wa kompresa, likatazamwa kwa tochi. Ikiwa mizunguko ya mwanzo tu ndiyo iliyopinda, huenda halihitaji kuchimbwa kabisa: hupitishwa tepu, kile chuma kigumu cha kukatia uzi wa ndani, yenye kipimo kilekile, ili kunyoosha meno yaliyobaki. Asiye na tepu huweza kuchukua bolti nzima ya kipimo hicho, akaichanja mfereji wa urefu kwa msumeno wa chuma, akaondoa vinyweleo kwa tupa. Mfereji ule hupokea uchafu na bolti hugeuka kuwa kisafishia uzi. Haifai kwa kukata uzi mpya, ila kwa kunyoosha uzi wa alumini hufanya kazi vizuri.

Kipimo cha uzi hupatikana kwa kupima unene wa nje wa bolti kwa kaliba, kisha kupima urefu wa meno kumi na kugawa kwa kumi. Njia ya haraka zaidi ni kuilaza bolti ubavuni mwa nyingine ambayo kipimo chake kinajulikana: meno yakiingiliana bila mwanya wa mwanga, hatua ni moja. Kazi yoyote inayofuata ikianza bila kipimo hiki ni kubahatisha.

Tiba nyepesi kuliko zote hutumia kina ambacho kiwanda hakikukitumia. Matundu mengi ya kava huchimbwa na kukatwa uzi kupita pale bolti inapofika, kwa hiyo chini ya uzi ulioharibika kuna mizunguko mizima ambayo haijawahi kuguswa. Bolti ndefu zaidi kwa milimita tano au sita huweza kuifikia. Kina cha tundu lazima kipimwe kwanza kwa waya, maana bolti inayogota chini kabla ya kichwa chake kufika juu hupasua alumini. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na oili ndani ni hatari vilevile: oili haina pa kukimbilia, na shinikizo lake hufungua ufa.

Hatua inayofuata, ambayo ndiyo maarufu zaidi mitaani, ni kukuza tundu na kuweka bolti nene zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Biti ya drili inayotangulia tepu hupatikana kwa kutoa hatua ya uzi kwenye unene wa bolti: kwa milimita 8 yenye hatua ya 1.25, biti ni ya kama 6.8; kwa milimita 14 yenye hatua ya 1.5, biti ni ya 12.5. Bolti ya kumwagia oili katika injini nyingi zilizonakiliwa kutoka Honda CG125 ni ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, na tundu lake likishachunika huwa tayari na upana wa karibu milimita 12. Tepu ya 14 hupita hapo baada ya kuondoa alumini kidogo sana. Kazi huisha chini ya saa moja, na dereva anayehesabu siku kwa abiria hurudi barabarani. Njia hii haistahili dharau inayopewa na baadhi ya mafundi wa gereji kubwa. Kasoro yake ni kwamba kila ukuzaji hula ukuta wa alumini unaolizunguka tundu, na ukuta huo hauongezeki. Mara ya kwanza unavumilia, mara ya pili unaweza kupasuka. Zaidi ya hayo, atakayebadilisha oili baadaye asipoambiwa atanunua bolti ya kiwandani na kuikuta ikipwaya. Zipo pia bolti zenye makali zinazouzwa kwa kujikatia uzi zenyewe; hizo huingia upande kirahisi, na bolti iliyoingia upande haikazi washa hata kidogo.

Tiba iliyo bora kwa matundu ya kava, na kwa matundu mengine mengi, ni koili ya uzi, inayojulikana zaidi kwa jina la kibiashara la Helicoil. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye umbo la msambamba ukiukata kati, uliosokotwa kama springi fupi. Upande wake wa nje hushika uzi mpya mpana uliokatwa kwenye alumini, na upande wa ndani huwa uzi wa kipimo kilekile cha awali, kwa hiyo bolti ya kiwandani hurudi mahali pake. Tundu lililotengenezwa hivi huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani: mzigo umesambazwa kwenye alumini pana zaidi, na bolti sasa inasugua chuma, haisugui alumini. Baadhi ya viwanda, hasa vya injini za ndege, huweka koili hizi tangu mwanzo.

Ufanisi wake hutegemea unyoofu wa tundu kuliko kitu kingine chochote. Kwa koili ya milimita 6 hutumika biti ya 6.3, na kwa ya milimita 8 biti ya takriban 8.3; seti inayouzwa pamoja na koili huwa na vipimo vyake. Kwa kuwa tundu la zamani huiongoza biti, drili huendeshwa polepole bila kusukumwa, huku mtu wa pili akitazama kutoka pembeni kama imesimama wima. Biti huwekewa alama ya utepe ili isizame kupita kiasi. Kisha huja tepu maalumu ya koili, ambayo si tepu ya kawaida: ile ya milimita 6 hukata uzi wa nje wa zaidi ya milimita 7 kwa hatua ileile ya 1.0. Mafuta ya taa ndiyo kilainishi kizuri cha kukatia alumini, na hayakosekani kijiji chochote. Tepu hugeuzwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili kuvunja unyoya wa alumini. Ikianza kuwa nzito hutolewa na kusafishwa. Haraka hapa ina adhabu yake. Tepu ni ya chuma kigumu kinachokatika bila kupinda, na kipande chake kikibaki ndani hakichimbiki kwa biti za kawaida. Tundu lililochunika ni tatizo la jioni moja. Lenye tepu iliyovunjikia ndani huweza kulaza pikipiki wiki nzima.

Koili huingizwa kwa kifaa chake kinachoshika ulimi mdogo ulio mwisho wa waya. Kipenyo chake kabla ya kuingia ni kikubwa kidogo kuliko tundu, nayo hujibana inapozungushwa, kisha hujitanua na kushikilia yenyewe. Haisukumwi kwenda chini, huzungushwa tu, mpaka mzunguko wake wa juu ukae robo hadi nusu ya mzunguko chini ya uso wa alumini. Ikiachwa juu, bolti inayokazwa huinyanyua. Mwishowe, ule ulimi huvunjwa kwa pigo moja la panchi, na lazima utolewe. Sumaku haitegemewi, kwani chuma cha aina hii hakivutwi nayo vizuri, na unyoya wa alumini hauvutwi kabisa. Grisi iliyopakwa kwenye mifereji ya tepu hunasa sehemu kubwa ya takataka. Kinachobaki huondolewa kwa koleo yenye mdomo mrefu, tambara na upepo. Kwa tundu la oili uzuri ni kuwa linatazama chini: humiminwa nusu lita ya oili rahisi kutoka juu, ikatoka na kilichodondokea ndani, ndipo oili ya kazi inapotiwa.

Hata hivyo, kwa tundu la oili na la plagi wengi hupendelea bushi ngumu kuliko koili, kwa kuwa bolti inayotoka na kuingia kila mara huweza hatimaye kuichomoa koili iliyowekwa vibaya. Bushi ni kipande cha bomba la chuma chenye uzi nje na ndani. Zipo za kununua, na fundi wa mashine ya kukereza huweza kuitengeneza, kwa mfano yenye uzi wa nje wa milimita 16 na wa ndani wa milimita 12, na kola nyembamba juu inayoizuia isizame. Hufungwa kwa gundi ya kushikilia nyuzi na kuachwa ikauke kabla ya bolti kuguswa. Maeneo ya mafundi kama Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi hayakosi watu wenye uwezo wa kazi hii. Linalotakiwa ni mteja kuwapelekea bolti halisi ili uzi wa ndani ukatwe kwa kipimo chake.

Plagi inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu tundu lake lina kazi mbili: kushika uzi na kuziba mgandamizo wa moto. Plagi za NGK hubeba kipimo katika jina. Herufi ya kwanza C ni uzi wa milimita 10, D ni 12, B ni 14. Herufi E baada ya namba ni urefu wa uzi wa milimita 19, na H ni 12.7. Kwa hiyo D8EA ni ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 19, na C7HSA ni ya milimita 10 yenye uzi wa 12.7. Plagi fupi ikiwekwa penye ndefu, mizunguko ya ndani hubaki wazi, kaboni hujaa humo, na siku plagi sahihi itakaporudishwa itaikwangua njia yote. Ndefu ikiwekwa penye fupi huweza kugongwa na pistoni. Kufungua plagi kwenye hedi yenye moto pia huchosha uzi; injini huachwa ipoe kwanza. Wakati wa kukaza, plagi mpya yenye washa ikishafika kwa vidole huongezewa nusu mzunguko, basi. Tundu la plagi likichunika, hedi inafaa ishushwe kabla ya kuchimbwa. Wapo wanaochimba ikiwa juu ya injini kwa kupaka grisi na kupuliza upepo, na wapo wanaofanikiwa, lakini chembe moja ya alumini inayobanwa kwenye kiti cha valvu inatosha kuleta kazi kubwa kuliko ile ya kushusha hedi.

Dawa za kando ya barabara zinajulikana: utepe mweupe wa mafundi bomba, kijiwaya cha shaba kilichozungushiwa bolti, silikoni, gundi ya chuma ya sehemu mbili. Kwa kumfikisha mtu nyumbani zina maana yake. Lakini utepe ule unapokatikakatika huingia kwenye chujio la oili, na injini inaweza kukosa oili kwa ajili ya kitu kilichowekwa kuzuia tone. Gundi ya chuma huweza kushikilia skrubu ya kava isiyo na mzigo ikiwa alumini imesafishwa mpaka haina hata harufu ya oili. Kwenye tundu la oili hulainika kadiri joto linavyopanda, na kwenye plagi haina nafasi kabisa.

Baada ya tiba yoyote, injini huwashwa ikapata moto, ikazimwa, na mahali hapo hukaushwa kwa tambara na kuangaliwa tena baada ya safari ya kwanza. Bolti iliyolegea kidogo hurudishiwa nguvu ileile ya awali, haizidishwi. Uzi wa chuma ndani ya tundu hauondoi hatari, kwani bolti ikizidishiwa nguvu sasa inaweza kung'oa bushi nzima pamoja na ukuta wake.

Ukuta ukishapasuka au alumini ikiwa imebaki nyembamba mno, hubaki kujaza kwa kulehemu kwa gesi ya agoni, kusawazisha na kuchimba upya. Alumini iliyolowa oili kwa miaka hutoa mapovu inapolehemiwa, kwa hiyo huoshwa na kupashwa joto kabla. Fundi asiyefanya hivyo huacha vitundu visivyoonekana ambavyo vitavujisha oili polepole. Kulehemu kukishindikana, nusu ya mwili wa injini hubadilishwa. Gharama yake si ya spea peke yake: injini yote hufunguliwa, na namba ya injini mara nyingi imegongwa kwenye nusu ya kushoto, ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Nusu hiyo ikibadilishwa, mabadiliko yanapaswa kuandikishwa kwenye mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, pamoja na risiti ya mahali spea iliponunuliwa, kabla askari wa barabarani hajalinganisha kadi na chuma.